Upande Mmoja wa Kanga

Nesi alimsimamisha shangazi kwenye mizani, akasoma kilo 68. Akamsogeza ukutani, akamshushia kibao kichwani, akasoma sentimita 160. Kisha akaketi na kikokotoo chake, akazidisha, akagawa kwa 3,600, akatafuta kipeuo cha pili cha jibu, akaandika kwenye faili: 1.74.

"Hiyo nayo ni nini, mwanangu?" shangazi akauliza.

"Ni eneo la mwili wako, mama. Mita za mraba. Ngozi yako yote tungeitandaza, ingefika hapo. Dawa tunaipima kwa hiyo."

Shangazi ni fundi cherehani wa miaka 40. Alikaa kimya kidogo, midomo ikihesabu. Kanga, akasema, ina sentimita 150 kwa 110. "Basi mimi ni upande mmoja wa kanga, na kipande kidogo cha kutolea mfuko."

Nilikuwa nimemsindikiza nikijiandaa kuona vita. Ndivyo tunavyoisema saratani: mapambano, silaha, kushinda, kushindwa. Yeye kuanzia siku ile aliona kiwanda cha mafundi wenzake: watu wenye kupima, kutia alama, kukata, kuiweka kazi kando na kuirudia. Karibu mwaka mzima nilikaa naye kwenye mabenchi nikitazama anachokitazama, hata nami nikaanza kukiona. Kisu, moto na sumu si vitu adimu duniani. Adimu ni mkono unaojua kiasi.

Kipimo chake cha kwanza kilichelewa. Uvimbe aliugusa mwenyewe akivaa, titi la kushoto, mgumu kama kokwa ya ubuyu. Haukuuma, na kwa kuwa haukuuma kila mtu aliona hauna haraka. Zahanati moja ilimpa antibayotiki mara mbili. Mtu wa mitishamba akamuuzia mafuta ya kupaka. Miezi mitano ikapita hivyo. Mwishowe daktari mmoja kijana akamgusa mara moja tu, akasema, "Mama, hapa tusikisie. Tuchukue kinyama."

Sindano ya kuchukulia kinyama ni nene, nayo hukata vijiti vyembamba vya nyama, kila kimoja kama kipande cha uzi. Vijiti hivyo hukaushwa maji, vikazamishwa katika nta, vikakatwa vipande vyembamba sana: ukivipanga 250, ndipo unapata unene wa milimita moja. Kisha hutiwa rangi ili macho yaone kitu. Rangi ile ya zambarau inayoonyesha viini vya seli asili yake ni mti wa Amerika ya Kati, na kwa karne nyingi kabla ya kufika maabara ilitumika kutilia nguo rangi. Nilipomweleza shangazi, alitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyesikia habari za jamaa wa mbali.

Majibu yalichukua wiki tatu. Aliona ni uzembe. Nami niliona hivyo, mpaka tulipoelezwa kilichokuwa kikitafutwa. Neno "saratani" peke yake halitoshi kumwambia daktari afanye nini. Anataka kujua ilianzia wapi, imesambaa hadi wapi, inakua kwa kasi gani, na je, seli zake zina vipokezi vya homoni, yaani vile vitasa ambamo homoni ya estrojeni huingia kama ufunguo na kuziamuru zikue. Za shangazi zilikuwa navyo. Jibu hilo moja kwenye karatasi lilikuja kumwekea kidonge kimoja kila siku kwa miaka.

Baada ya hapo madaktari walikaa kikao: wa upasuaji, wa mionzi, wa dawa, na yule wa maabara. Njia za kutibu saratani zinahesabika kwa vidole. Kuna kukata. Kuna mionzi. Kuna dawa zinazopita mishipani na kuzunguka mwili mzima. Kuna vidonge vya kuinyima homoni. Kuna dawa mpya zaidi, zinazolenga kasoro moja mahususi ya seli, au zinazoifungua kinga ya mwili iliyokuwa imefungwa breki. Ugunduzi wa hizo za kinga uliwapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kazi kubwa ya kikao ni mpangilio: nini kitangulie, nini kifuate, nini kisitumike kabisa. Kwa shangazi waliamua dawa zitangulie ili uvimbe upungue, kisu kifuate, mionzi imalizie. Na kwa kuwa dawa ingeweza kuufuta uvimbe pasibaki dalili, waliacha mle ndani kipini kidogo cha chuma, cha kumwonyesha mpasuaji palipokuwa na kitu.

"Wamepiga bandi," akasema shangazi. Hivyo ndivyo fundi anavyotia uzi wa muda kabla ya mshono wenyewe.

Dawa ya kwanza ilikuwa nyekundu kama sharubati ya rozela. Inaitwa doksorubisini. Ukoo wake ulianzia kwenye bakteria wa udongo uliochotwa karibu na Castel del Monte, ngome ya kale kusini mwa Italia. Kipimo chake ni miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kwa hiyo upande mmoja wa kanga ulihitaji miligramu 104. Mfamasia huichanganya ndani ya kabati la kioo ambamo hewa huvutwa kwenda chini ili mvuke usimfikie, amevaa glavu mbili juu ya mbili, na kabla ya kuitoa nje husomeana jina na mwenzake: jina la mgonjwa, jina la dawa, kiasi. Mara ya kwanza nilidhani hawaaminiani. Baadaye nikaelewa kwamba ndivyo wanavyoaminiana.

Lakini ufundi nilioutazama kwa karibu zaidi ni wa nesi aliyeitia mshipani. Dawa ile ikivuja nje ya mshipa huchoma nyama hadi kuiua. Kwa hiyo aliukwepa mgongo wa kiganja, akaukwepa mkunjo wa kiwiko, akashuka na kidole chake juu ya mkono wa kulia wa shangazi polepole, mpaka akasimama mahali nisipoona kitu. Alichoma mara moja. Akavuta kidogo, damu ikarudi kwenye mrija. Akasafisha njia kwa maji ya chumvi. Ndipo akaanza kusukuma ule wekundu, huku dripu ikitiririka pembeni kuupunguza ukali. Kila baada ya kusukuma kidogo alisimama, akavuta tena aione damu, akauliza, "Inawasha, mama? Inauma?" Simu ililia mezani. Hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye ngozi, pale juu kidogo ya sindano, ambapo uvimbe wa kwanza ungetokea kama ungetokea.

Alipomaliza aliandika kiasi kwenye daftari na kukijumlisha na kilichotangulia, maana dawa hii ina ukomo wa maisha: ikizidi jumla fulani huudhuru moyo. Akatoa na maonyo mawili. Mkojo utakuwa mwekundu siku ya kwanza, usishtuke, hiyo ni rangi ya dawa. Na homa ikija usiku, njoo usiku huohuo, usingoje asubuhi.

Homa inaogopwa kwa sababu dawa haichagui vizuri. Hupiga seli zinazogawanyika upesi, ziwe za saratani, za mzizi wa nywele au za uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Kati ya siku ya 10 na ya 14 chembe nyeupe hushuka mno, na mtu anaweza kuuawa na kijidudu ambacho siku nyingine kisingemfanya hata apige chafya. Kisha uboho hujijenga upya. Saratani nayo hujaribu, ila huwa nyuma. Mzunguko wa siku 21 umejengwa ndani ya nafasi hiyo: unarudi kupiga mara uboho unaposimama na kabla adui hajasimama. Ndiyo maana kila mzunguko ulianza kwa kipimo cha damu, na mara moja tulirudishwa nyumbani bila dawa kwa sababu chembe zilikuwa chini. Shangazi alinung'unika nauli. Lakini hakubishana. Yeye pia huwarudisha wateja wanaotaka gauni kabla kitambaa hakijaloweshwa kikarudi.

Ukanda wetu wa Afrika Mashariki una sehemu yake katika historia ya dawa hizi. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi mwenye jicho moja, alioneshwa hospitalini Mulago, Kampala, mtoto aliyevimba taya zote mbili. Akaanza kuzichora taya za namna hiyo kwenye ramani, na mwaka 1961 akaendesha gari maili 10,000 kuuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wanaziona. Ugonjwa ule sasa una jina lake. Kisu hakikuufaa, na mashine ya mionzi haikuwepo karibu, basi akajaribu dawa, mara nyingi dozi chache tu. Uvimbe ulinywea ndani ya siku, na baadhi ya watoto wale walipona kabisa, wakati ambapo madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba dawa inaweza kuponya saratani. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa pale Mulago mwaka 1967, na kazi ikaendelea.

Dawa nyekundu ilipokwisha ilifuata nyingine, paklitakseli, iliyotoka kwenye magome ya mti wa misitu ya baridi ya Marekani. Hii hutolewa kila wiki kwa wiki 12, na tabia yake ni kufisha ganzi ncha za vidole. Daktari aliuliza jambo ambalo sikuwahi kumsikia daktari akiliuliza: "Mama, kazi yako ni nini?" Alipojibiwa, aliweka kalamu chini. Kuanzia hapo kila wiki alimwuliza kama anafunga vifungo mwenyewe. Shangazi hakujibu kwa maneno. Alichomoa sindano aliyoichomeka kwenye mtandio wake, akakata uzi kwa meno, akautunga mbele yake.

Wiki ya saba uzi ulikataa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sindano ilimponyoka ikaanguka sakafuni, na yeye hakujua kwamba imeanguka mpaka aliposikia mlio wake. Daktari aliiokota, akaiweka mezani, akafungua faili na kupunguza dozi. Alieleza bila kupamba: sehemu kubwa ya kazi dawa imeshaifanya, na akiendelea kwa kiasi kilekile ganzi inaweza isiondoke. Nje, kwenye benchi, niliogopa kwamba wamelegea. Shangazi akaniambia, "Cherehani ukiikaza sana uzi unakatika. Huyu amelegeza kabla haujakatika. Ni fundi."

Ukisoma historia ya kisu kwenye ugonjwa huu utaona ni historia ya kujifunza kukata kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 William Halsted, kule Baltimore, aliondoa titi, misuli ya kifua chini yake na matezi yote ya kwapa, kwa imani kwamba anayekata zaidi huponya zaidi. Wanawake walibaki na vifua vya mbavu tupu na mikono iliyovimba, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kupunguza. Mwaka 1976 Bernard Fisher na wenzake walianza kulinganisha: kundi moja liliondolewa titi zima, jingine uvimbe tu, na sehemu yao wakaongezewa mionzi. Walifuatiliwa miaka 20. Matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha makundi yote yaliishi sawasawa. Tofauti ni kwamba penye mionzi ugonjwa ulirudi mara chache zaidi kwenye titi lilelile.

Kwa hiyo mpasuaji wa shangazi alimwekea mezani njia mbili, akamwachia achague. Uvimbe ulikuwa umenywea. Kuondoa kipande kuliwezekana, mradi mionzi ifuate. "Kata kidogo," akasema. "Sidiria nitajishonea."

Kipande kikishatoka mwilini kinageuka kuwa kama kitambaa kisicho na mbele wala nyuma. Mtu wa maabara atajuaje upande wa juu ni upi? Mpasuaji hushona nyuzi mbili juu yake kabla hajakiachia: fupi upande wa juu, ndefu upande wa nje. Mtu wa maabara akikipokea hukipaka wino kingoni, rangi moja mbele, nyingine nyuma, kisha hukikata vipande na kutazama kwa hadubini swali moja tu: je, saratani imegusa wino? Ikiwa imegusa, kuna iliyobaki ndani, na mpasuaji atarudi. Ikiwa kati ya saratani na wino kuna nyama safi, amekata vya kutosha. Kwapani nako alitia rangi ya buluu karibu na titi, akangoja, akafuata tezi za kwanza zilizobadilika rangi. Hizo ndizo zilizopimwa. Zilikuwa safi, basi matezi mengine yakaachwa mahali pake, na mkono wa shangazi ukabaki mkono wa kusukumia kitambaa.

Mionzi ndiyo aliyoiogopa kuliko vyote, labda kwa sababu ya jina. Watu husema "kuchomwa". Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba jirani amepelekwa Ocean Road, penye hospitali ya saratani, hahitaji kuuliza anaumwa nini, na sauti yake hushuka. Ilinisaidia kukijua kisa cha kondoo. Huko Paris, Claude Regaud alipiga mionzi korodani za kondoo dume, kwa kuwa mbegu za uzazi hugawanyika upesi kama saratani. Akipiga dozi yote mara moja, kondoo alikuwa tasa, lakini ngozi iliungua vibaya. Akiigawa dozi ile kwa siku kadhaa, kondoo alikuwa tasa na ngozi ikabaki nzima. Nyama yenye afya hutumia usiku ule wa katikati kujitengeneza. Ile inayogawanyika ovyo haiwahi. Haba na haba hujaza kibaba: kule kwetu wahenga waliisema kwa nafaka, Regaud akaiona kwa kondoo.

Kibaba cha shangazi kiligawanywa mara 15, siku tano kwa wiki, wiki tatu. Kabla ya siku ya kwanza walimlaza kwenye ubao, mkono juu ya kichwa, wakampiga picha, wakamchora mistari kifuani. Tatu kati ya alama hizo walizichanja kwa sindano na wino, nukta ndogo kama za penseli. Mwanafizikia alikaa na picha ile siku kadhaa kutafuta pembe. Nyuma ya titi la kushoto kuna pafu, na nyuma ya mbavu kuna moyo, basi mionzi hailetwi moja kwa moja kutoka mbele. Hupitishwa kwa ubavu, ikiparaza kifua. Na kuna pumzi: mgonjwa akivuta hewa na kuishikilia, kifua huinuka na moyo hurudi nyuma. Shangazi alifundishwa kushika pumzi kwa sekunde 20. Alikuwa akifanya mazoezi jikoni, kijiko mkononi.

Kila siku kumlaza na kulinganisha nukta na mistari ya taa kulichukua dakika nyingi kuliko mionzi yenyewe. Wafanyakazi wawili walimsogeza kwa milimita, wakatoka, mlango mzito ukafungwa, mashine ikavuma, wakarudi. Kwenye mashine za zamani za kobalti kazi ina utamu mwingine: kobalti hupoteza nguvu yake kwa karibu asilimia moja kila mwezi, kwa hiyo dakika za mwezi uliopita hazifai mwezi huu. Mtu lazima akae ahesabu upya, mwezi baada ya mwezi, ili mgonjwa wa Desemba apate sawa na wa Januari.

Si kila aliyekaa nasi kwenye benchi alikuwa njiani kupona. Mzee mmoja alikuja na saratani iliyokwisha kuingia mifupani, akapigwa mionzi mara moja tu, dozi moja, ya kumtulizia maumivu ya nyonga. Mwanawe alidhani wamemkatia tamaa. Ukweli ni kwamba kwa maumivu ya mfupa dozi hiyo moja hutuliza karibu sawa na kumi, na mzee ameokolewa safari tisa. Akapewa na mofini ya maji ya kunywa. Hapo tena jirani zetu wa Uganda walitangulia: tangu 1993 hospisi iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman jijini Kampala imekuwa ikichanganya unga wa mofini na maji, ikiitia rangi kulingana na nguvu yake ili mtu asiikosee nyumbani gizani. Kujua kwamba kazi sasa ni kumlaza mtu usingizi bila kilio, kisha kuifanya hiyo kwa kipimo kilekile cha makini, ni ufundi usiopungua ule wa kuponya.

Kilichobaki kwa shangazi ni tamoksifeni, miligramu 20, kidonge kimoja kila siku. Ilibuniwa miaka ya 1960 ikitafutwa dawa ya kuzuia mimba, ikashindwa kazi hiyo. Lakini huziba vile vitasa vya estrojeni, na hapo ndipo ilipopata kazi. Yeye huinywa na chai ya asubuhi. Miaka mitano kwanza, halafu daktari ataangalia.

Ganzi imerudi nyuma hadi kidole kimoja. Cherehani inavuma tena barazani. Siku ya mwisho ya mionzi mfanyakazi alimfuta mistari yote ya kalamu kwa pamba yenye spiriti, akaziacha zile nukta tatu. Shangazi akamkumbusha: mwanangu, fundi akimaliza hufuta chaki. Yule kijana akamjibu kwamba hizo hazifutiki, na ni makusudi. Mungu apishe mbali, lakini siku moja mtu mwingine akihitaji kupiga mionzi kifuani pale, azione nukta, ajue fundi wa kwanza alipita wapi na alikomea wapi.

Alirudi nyumbani akaniambia nimletee taa. Alitaka kuziona kwenye kioo, kama ziko mstari mmoja.